Viti vya mtaani kwa wazee: baraza, zege, mbao na plastiki vimepimwa

Ukitaka kujua kiti kinamfaa mzee au hakimfai, usimwangalie anapokaa, mwangalie anapoinuka. Kukaa ni kujiachia tu, uzito wa mwili unajishusha wenyewe. Kuinuka ndiko kunakodai mapaja, magoti, mizani na mahali pa kushika. Mzee aliyevutwa mikono na vijana wawili mbele ya kijiwe kizima, hata kama wamemvuta kwa adabu zote, kesho yake atasema ana mafua. Keshokutwa atasema jua kali. Mwezi ukiisha yuko chumbani na redio yake, na nyumbani wanasema "ni uzee tu huo".

Kwa hiyo hapa hatukutafuta kiti kizuri machoni. Kila kiti kinachokaliwa mitaani kwetu, kuanzia Lamu na Mombasa hadi Unguja na Dar es Salaam, kimeulizwa swali moja: mzee wa miaka sabini na kitu, mwenye goti moja bovu na dawa za presha, anaweza kutoka kwake, kukaa saa nzima, kuinuka mwenyewe na kurudi bila kumwomba mtu mkono?

Kiti kina uhusiano gani na afya ya akili? Mzee anayetoka kila siku alasiri anapata mambo manne kwa mpigo: mwendo kidogo wa miguu, mwanga wa mchana unaomsaidia kulala usiku, mazungumzo, na kuulizwa ushauri. Hilo la nne watu hulisahau. Mzee anayeulizwa mahari ya siku hizi ni kiasi gani, au mpaka wa shamba fulani unapita wapi, bado ana kazi duniani. Ukimwondolea mahali pa kukaa, yote manne yanaondoka siku moja, na usingizi mbovu, kukosa hamu ya kula na upweke vinaingia mlango ule ule.

Mfano unaotajwa sana unatoka Chicago. Julai 1995 wimbi la joto liliua watu zaidi ya 700 mjini humo, wengi wao wazee waliokuwa wakiishi peke yao. Mitaa miwili iliyopakana, North Lawndale na South Lawndale, ilikuwa na wazee maskini wanaoishi peke yao kwa uwiano unaokaribiana. North Lawndale ilipoteza watu 40 kwa kila 100,000, South Lawndale 4. Upande mmoja viwanja vilikuwa vitupu, maduka yamefungwa, wazee wanaogopa kutoka. Upande wa pili barabara ilikuwa na maduka na watu tangu asubuhi, kwa hiyo mzee alikuwa na pa kwenda na asipoonekana kuna mtu wa kuuliza. Hiyo ilikuwa habari ya joto, sawa, lakini mtaa unaomfungia mzee ndani wakati wa joto humfungia hata siku za kawaida.

Vipimo kwanza

Chukua futi ya fundi kabla hujanunua au kujenga chochote.

Kimo cha kukalia, kutoka ardhini hadi juu ya kiti, kiwe sentimita 45 hadi 48. Chini ya 40 magoti yanapanda juu ya nyonga na kuinuka kunakuwa mtihani. Zaidi ya 50 bibi mfupi ananing'iniza miguu, ukingo unabana nyuma ya mapaja na miguu inakufa ganzi. Kina cha kiti kiwe sentimita 40 hadi 45. Kikizidi hapo mgongo haufiki kwenye egemeo, na mzee anaishia kukaa ukingoni kama abiria anayeogopa kupitishwa kituo.

Mkono wa kiti uwe juu ya kikalio kwa sentimita 18 hadi 22, na ufike mpaka ukingo wa mbele. Mikono mingi ya benchi za bustani inaishia katikati. Hiyo ni ya kuegemeza kiwiko, haimsaidii mtu kuinuka.

Kipimo kinachosahauliwa kuliko vyote ni nafasi ya visigino. Mtazame mtu mzima anavyoinuka: anasogea mbele ya kiti, anarudisha nyayo nyuma kidogo ya magoti, anainama mpaka pua inapita usawa wa vidole vya miguu, ndipo makalio yananyanyuka. Kama chini ya kiti pamezibwa kwa ukuta, nyayo hazirudi nyuma. Atajaribu kuinuka miguu ikiwa mbele, atarudi chini kwa kishindo, atacheka kidogo ili watu wasione, atajaribu tena. Sentimita 10 hadi 15 za uwazi chini ya kiti zinatosha kumwondolea mashaka hayo.

Mpangilio nao una vipimo vyake. Wazee wengi wanasikia kwa shida na wanasaidiwa na kuona midomo. Wakiwekwa mstari mmoja kama waliopanga foleni ya daktari, wa kwanza hamsikii wa tatu. Viti vikabiliane kwa umbali wa mita 1.2 hadi 1.5, au vikae pembe. Kisha fanya jaribio: watu wawili wakae hapo wazungumze kwa sauti ya kawaida. Wakilazimika kupaza sauti kwa sababu ya spika ya duka la simu au karakana ya vyuma, hamisha kiti, maana mazungumzo ndiyo yaliyomtoa mzee ndani.

Baraza ya ukutani: alama 3 kati ya 5, na 4 ikirekebishwa

Hiki ndicho kiti cha asili cha pwani, na waliokibuni walijua walichokuwa wakifanya. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000, na Lamu iliyofuata 2001, baraza imejengwa pamoja na nyumba, kwa mawe na chokaa. Ukuta mnene nyuma yake haupati joto haraka, na kichochoro chembamba kina kivuli saa nyingi za mchana. Jirani wa ng'ambo yuko mita mbili au tatu tu, salamu inafika bila mtu kunyanyuka. Daka la nyumba za Lamu ni zuri zaidi kwa wazee: vikalio viwili vinatazamana mlangoni, na mtu anakaa nje huku bado yuko kwake. Muuza kahawa akipita na dele lake, wateja wote wako mahali pamoja.

Kasoro ni zile zile za kuinuka. Hakuna mkono wa kushika, na chini pamezibwa. Kimo nacho hakitabiriki: kichochoro kikiwa na mteremko, baraza moja inaweza kuwa na sentimita 55 mwisho huu na 35 mwisho ule. Tena kila mtaa unapotandikwa matofali mapya juu ya ardhi ya zamani, ardhi inapanda na baraza inazidi kuwa fupi. Baraza aliyoikalia babu kwa raha miaka thelathini iliyopita inaweza kuwa imeshuka sentimita kumi bila mtu kuigusa.

Marekebisho ni madogo. Pima kote, tafuta upande wenye sentimita 45 hadi 48, hapo pawe pa wazee na vijana wasogee. Pasipofika, ongeza ubao mnene uliowekwa miguu mifupi, au sponji ngumu isiyozidi sentimita 8. Godoro laini halisaidii, linabonyea na kumrudisha chini kule kule. Kisha weka mshiko ukutani: bomba la chuma la inchi 1, ambalo kwa nje lina unene wa milimita 33 hivi na linaenea vizuri kiganjani, lisimame wima kuanzia usawa wa kikalio hadi sentimita 80 juu yake. Nyumba ikiwa ndani ya eneo la hifadhi, ulizia kwanza kwenye mamlaka inayohusika kabla ya kutoboa. Na usikubali fundi azibe baraza ya chokaa kwa plasta ya saruji. Saruji inafungia unyevu ndani, chokaa ya chini inaoza, na baada ya misimu michache ya masika plasta inabanduka kwa mabamba.

Mshiko usiwe kiti cha plastiki kilichowekwa pembeni. Kikisukumwa upande mmoja kinapinduka, na mzee pamoja nacho.

Lalamiko moja zito kuhusu baraza halihusu ujenzi. Wenye nyumba wengi siku hizi wanaziba baraza kwa vyungu vya maua, vyuma vyenye ncha au geti, kwa kuogopa vijana wa maskani na moshi wao. Hofu hiyo ina msingi, lakini mzee wa jirani anafukuzwa pamoja nao. Makubaliano ya saa hufanya kazi kuliko geti: baina ya alasiri na magharibi ni ya wazee, na mwenye nyumba mwenyewe akae siku za mwanzo ili desturi ishike.

Benchi la zege: alama 2, na kosa si la zege

Hili ndilo linalojengwa kila kunapotokea fedha za mradi, kwa sababu haliibiwi na linapendeza kwenye picha ya uzinduzi. Kwa kawaida halina egemeo wala mikono, limezibwa chini, linatazama barabara, na liko juani. Zege hunywa joto tangu asubuhi, na kufikia saa tisa alasiri, saa ambayo wazee ndiyo kwanza wanajiandaa kutoka, halikaliki. Lakini yote haya ni ya mjengaji. Zege lenyewe linaweza kutoa kiti cha alama 4.

Kwa benchi la mita 2, usijenge ukuta mzima chini. Jenga nguzo tatu za tofali za inchi 6, mbili kwenye ncha na moja katikati, zikiwa zimerudi nyuma sentimita 12 kutoka ukingo wa mbele ili visigino vipate nafasi. Kozi mbili za tofali hizo pamoja na saruji ya katikati zinakaribia sentimita 47. Ukiweka juu bamba la sentimita 8 unafika 55, kimo kinachozidi kipimo chetu. Kwa hiyo zamisha kozi ya kwanza sentimita 8 ardhini, ubaki na 47. Mafundi wengi wanaruka hatua hii, ndiyo maana mabenchi mengi ya zege ni marefu kupita kiasi.

Bamba la mita 2 kwa sentimita 45 kwa sentimita 8 linakula takriban nusu mfuko wa saruji kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto). Nondo tatu za milimita 10 ziende kwa urefu, na za milimita 8 zikatishe kila sentimita 20, zote zinyanyuliwe kwa vipande vya mawe sentimita 2.5 juu ya kibao cha chini kinachomwagiwa zege. Nondo zikilala juu ya kibao chenyewe zinaachwa wazi, hewa ya bahari inazishika kutu, kutu inavimba na zege linapasuka. Mchanga wa ufukweni unaleta balaa lile lile kwa haraka zaidi, kwa sababu ya chumvi. Mwagilia maji siku 7, funika kwa magunia yaliyolowa. Ukingo wa mbele uzungushwe, usiachwe na makali. Sehemu ya juu iwe na mteremko mdogo wa kutoa maji, sentimita moja inatosha kutoka nyuma kwenda mbele.

Kabla zege halijakauka, simika bomba za inchi 1 ziwe mikono, moja kila mwisho na moja katikati. Ya katikati ina faida mbili, wazee wawili wanapata mshiko na hakuna anayeweza kulala hapo usiku. Zungushia kamba ya katani, kwa sababu chuma kilichokaa juani kinaunguza kiganja.

Kuhusu kivuli: wazee wa pwani hutoka baina ya alasiri na magharibi, yaani jua likiwa magharibi. Weka benchi upande wa mashariki wa jengo au ukuta, nalo litapata kivuli saa hizo mwaka mzima. Ukitegemea mti, mwarobaini ni salama na majani yake hayafungi kabisa mwanga. Mkungu una kivuli kipana lakini unaangusha kokwa na majani makubwa yanayoteleza yakilowa. Mwembe ni mzuri isipokuwa msimu wa maembe, nzi wakishakuja. Chini ya mnazi usiweke kiti cha mtu yeyote.

Benchi la mbao: alama 3 na nusu

Mbao haipati joto kama zege na inamruhusu fundi kutengeneza egemeo lililolala nyuma kidogo, ambalo kwa mgongo wa mzee ni raha kubwa. Mvule na mkongo vinavumilia mvua. Mbao laini isiyotiwa dawa inaliwa na mchwa ukiwa bado unaisifia. Miguu isisimame kwenye udongo, iweke juu ya vipande vya zege. Tumia boliti badala ya misumari, kwa sababu benchi la mtaani linasukumwa huku na huku na msumari unalegea. Acha mwanya wa milimita 10 kati ya mbao na mbao ili maji yapite. Kagua viungo baada ya kila masika: kaa, jitikise kushoto na kulia, kikilia kaza.

Hatari yake kubwa ni kuibiwa, au kugeuka kuni. Mabenchi ya chuma ndiyo mabaya zaidi kwa hilo, wanunuzi wa chuma chakavu hawaulizi yametoka wapi. Funga miguu kwenye zege kwa boliti iliyopigwa kichwa ili isifunguke.

Kwa habari ya benchi la mbao, lipo moja maarufu duniani: Benchi la Urafiki la Harare, Zimbabwe. Lilianza mwaka 2006 chini ya daktari wa akili Dixon Chibanda, baada ya bomoabomoa ya 2005 kuwaacha watu wengi bila makazi. Mabibi waliofunzwa hukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kumsaidia mgonjwa kupanga matatizo yake, moja baada ya jingine. Jaribio lililochapishwa 2016 lilihusisha watu 573 katika zahanati 24. Baada ya miezi sita waliokaa kwenye benchi wenye dalili za sonona (huzuni iliyogeuka ugonjwa) walikuwa asilimia 13.7, dhidi ya 49.9 kwa waliopata huduma ya kawaida. Wagonjwa wale wengi hawakuwa wazee, tusichanganye mambo. Kinachotuhusu ni kwamba pale bibi ndiye anayetoa huduma, na mtaa una sababu ya kumtafuta. Mtaa unaoweka benchi na kumwomba mzee asimamie jambo (kusikiliza watoto wakisoma, kutunza daftari la michango, kuamua ugomvi wa maji) unapata matumizi makubwa ya benchi lile lile.

Kiti cha plastiki: alama 4, na ndicho mshindi

Watu wa usanifu watanuna, lakini kiti cheupe cha plastiki chenye mikono, kile cha harusi na misiba, kinawashinda wenzake kwa mzee wa kawaida. Kina egemeo. Mikono yake inafika karibu na ukingo wa mbele. Chini ni wazi. Kimo chake kwa kawaida kiko karibu na sentimita 43 hadi 45, na ukikipachika juu ya mwenzake kinapanda kidogo na kuwa imara zaidi. Kinafuata kivuli. Kinageuzwa kumkabili mwenzako. Bibi anaweza kusema "kilete hapa karibu, sisikii", jambo ambalo huwezi kuliambia zege.

Udhaifu wake uko sehemu mbili. Jua linaukausha plastiki. Baada ya muda nje, unaona mistari myeupe ya nyufa pale mguu unapokutana na kikalio. Kiti cha namna hiyo kisikaliwe na mzee hata mara moja, kitapasuka ghafla, na kuanguka kwa mzee ni kuvunjika nyonga. Kibonyeze kwa mikono miwili, miguu ikitanuka, kiondoe. Pia kwenye sakafu ya vigae au terazo iliyolowa miguu inateleza kuelekea nje, kwa hiyo kiwekwe kwenye sakafu yenye kukwaruza, mgongo wake ukigusa ukuta.

Udhaifu wa pili ni kwamba lazima kitolewe. Asubuhi kiko ndani, na mzee hawezi kukibeba na mkongojo mkononi. Akisubiri mjukuu atoke shule, anasubiri mpaka saa kumi, na siku mjukuu akiwa na tuisheni hatoki. Weka viti viwili, si kimoja, nje ya mlango kila asubuhi kabla watu hawajatawanyika, vifungwe kwa mnyororo mrefu kama kuna wezi. Kiti kimoja ni cha kumsubiri mtu, viwili tayari ni mwaliko.

Mkeka hatukuupa alama, kwa sababu kwa anayeweza kushuka na kuinuka nao hakuna kitu kinachoushinda. Asiyeweza awekewe kiti ukingoni mwa mkeka, si mbali na wenzake, na mapema, kabla hajaanza kutafuta udhuru. Kigoda cha sentimita 20 kibaki jikoni.

Njia, choo na nyumba za ghorofa

Kiti cha alama 4 ambacho hakifikiki ni mapambo. Kutoka mlangoni hadi kitini kusiwe na zaidi ya mita 50 hadi 100 bila pa kupumzika, hata kama ni kizingiti cha duka. Ngazi ya mlangoni isizidi sentimita 15, na ukingo wake upakwe mstari wa rangi angavu wa sentimita 5, kwa sababu mwenye mtoto wa jicho haoni tofauti ya kijivu na kijivu. Mfuniko wa mtaro uliovunjika ni sababu tosha ya mzee kubadili maisha yake yote, hasa jioni. Taa ielekezwe chini, isimwake machoni.

Barabara ipigie hesabu. Uingereza, taa nyingi za kuvukia zilikuwa zimewekwa kwa mwendo wa mita 1.2 kwa sekunde, na huko watu wa miaka 65 na zaidi walipopimwa, wastani ulikuwa 0.9 kwa wanaume na 0.8 kwa wanawake. Kwa mwendo wa 0.8, barabara ya mita 7 inavukwa kwa sekunde 9 hivi. Bodaboda kwa kilomita 40 kwa saa inakula mita 100 kwa muda huo huo. Kama mzee haoni mita 100 za barabara kila upande, kiti kisiwe ng'ambo. Singapore tangu 2009 wana vivuko ambapo mzee anagusisha kadi na kuongezewa sekunde 3 hadi 13. Sisi tuna matuta, na tuta lililowekwa kabla ya kivuko linasaidia kuliko pundamilia aliyefutika.

Choo ndicho kinachoua mabaraza kimyakimya. Baadhi ya dawa za presha zinaongeza mkojo, na mzee asiyejua choo kiko wapi anapunguza maji ya kunywa, au hatoki. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa miji rafiki kwa wazee, wa 2007, uliokusanya maoni ya wazee wa miji 33 ikiwemo Nairobi, unataja mahali pa kupumzikia na vyoo kwa pamoja, na ndivyo inavyopaswa. Msikitini au kanisani mara nyingi kipo. Swali ni ufunguo uko kwa nani kati ya swala na swala, na je, kuna kukaa au ni kuchuchumaa tu? Kwa anayeshindwa kuchuchumaa, kiti cha plastiki kilichokatwa tundu katikati kinatosha, ilimradi ni kipya na kimewekwa mahali pakavu.

Wanawake wamedhulumiwa katika habari hii yote. Baraza ya barabarani kwa desturi ni ya wanaume. Bibi alikuwa na ua wake, nyuma ya nyumba, ambako majirani waliingia bila hodi nyingi, mchele ukachaguliwa na habari zikasambaa. Familia ikihamia ghorofani, mzee wa kiume bado anashuka kwenda msikitini, bibi ndiye anayepoteza kila kitu. Ghorofa moja lenye kimo cha mita 3 lina ngazi kama 18, kwa hiyo wa ghorofa ya tatu anashuka 54 na kuzipanda tena. Wekeni kiti chenye mikono kwenye kila kituo cha ngazi, mshiko pande zote mbili, na mgeuze kipande cha koridoo au paa kuwa ua: mkeka, viti vinne, kivuli, na kazi ya mikono ya kufanya pamoja. Kabla ya kuhamisha mzazi, mpangieni nyumba ya chini hata kama ni ndogo.

Kuna mahali ambapo kiti hakitasaidia, na ni haki kusema. Kilifi na Kwale, na Usukumani, wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, bibi wengine kwa sababu tu macho yao yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka mingi. Mzee anayewaogopa majirani zake hatakaa barazani, na ana akili timamu kutokaa. Hapo kazi ni ya mwenyekiti wa mtaa au chifu, polisi na viongozi wa dini, kisha ndipo fundi aitwe.

Na kama kiti kipo, njia ni nzuri, wenzake wanamwita, lakini kwa wiki mbili mzee hataki kutoka, halali vizuri, hali chakula, au analalamika maumivu yanayohamahama ambayo hospitali hawayaoni, apelekwe kituo cha afya akapimwe sonona. Kwa wazee mara nyingi inajitokeza mwilini kabla ya kujitokeza kwa maneno. Dawa zake zote ziende naye, pamoja na za miti shamba.

Mwenye fedha kidogo aanze hivi: mshiko wa bomba mlangoni kwanza, mfuniko wa mtaro, viti viwili vya plastiki, kisha makubaliano ya ufunguo wa choo. Benchi la zege lisubiri mwaka wa pili, mkishajua wazee wenyewe wamechagua kukaa wapi, maana kiti cha plastiki kikikosewa mahali kinahamishwa jioni ile ile.